Kiwavi wa Kitabuni

Nilikuwa mwalimu wa darasa la awali katika shule moja ya kata ya Nyamwaga, lakini sikuwa mwalimu kamili. Cheti nilikuwa nacho, ila ajira ya serikali ilikuwa haijatoka, kwa hiyo nilifundisha kwa kujitolea huku nikisubiri jina langu litokee kwenye orodha. Mtu anayesubiri namna hiyo huwa mnyenyekevu kupita kiasi. Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki msomaji anidhanie kuwa mtu mwema aliyeonewa.

Darasa langu lilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya majembe na mifuko ya saruji. Watoto walikaa chini kwenye magunia, wengi kiasi kwamba nikitaka kufika nyuma ilibidi niwaombe wakunje miguu. Wengi walikuja hawajui Kiswahili zaidi ya shikamoo na naomba kwenda chooni. Nyumbani kwao ni Kikurya tupu. Mimi nimekulia Nyamisangura, pale mjini Tarime, nyuma ya duka la mama yangu ambaye ni Mjaluo, na baba yangu Mkurya hakukaa nyumbani vya kutosha kunifundisha lugha yake. Kikurya changu kilikuwa cha kuokoteza. Watoto walinicheka kila nilipokitumia, nami sikuchukia, maana mtoto akishakucheka hakuogopi tena.

Vitabu vya picha tulikuwa navyo. Vililetwa na wafadhili ndani ya boksi kubwa, vikafungiwa kwenye kabati la ofisini kwa mwalimu mkuu, na vilitoka siku za wageni tu. Siku kama hizo tuliambiwa tuwapange watoto kwa vikundi, kila kikundi na kitabu chake. Wageni walipiga picha. Gari lao likishapita getini, vitabu vilihesabiwa na kurudi kabatini. Watoto wangu walijua kushika kitabu cha picha vizuri sana, kwa mikono miwili, bila kukifungua.

Kimoja cha vitabu hivyo kilihusu kipepeo. Nilikipenda tangu siku ya kwanza, na muhula wa pili nilipofika kwenye mada ya wadudu nilijikaza nikaenda ofisini.

"Mwalimu mkuu, naomba kile kitabu cha kipepeo kwa wiki tatu."

"Watakichana."

"Nitakishika mwenyewe. Wao wataangalia tu."

Alinitazama kama mtu anayeombwa ng'ombe. Mwishowe alifungua daftari, akaandika jina la kitabu na tarehe, akasaini yeye, nikasaini mimi.

"Kikichanika ni wewe," alisema.

Kilikuwa kitabu cha jalada gumu, na maandishi yake machache yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna mtoto wangu aliyeihitaji. Ukurasa mmoja ulikuwa na yai dogo kama punje ya ulezi chini ya jani. Uliofuata, kiwavi mnene wa kijani mwenye mistari myeusi. Kisha pupa, ananing'inia kwenye kijiti kama kifuko kilichofungwa. Na ukurasa wa mwisho ulikunjuka ukawa mkubwa mara mbili, na kipepeo wa rangi ya machungwa akaujaza wote. Mara ya kwanza nilipoukunjua, watoto walinyamaza kabisa. Sijawahi tena kupata ukimya kama ule darasani bila kuuomba.

Kulikuwa na binti mmoja aliyekaa karibu na mlango. Alikuwa na miaka sita, na tangu mwaka uanze hakuwa amesema neno hata moja darasani. Aliishi na bibi yake. Baba yake alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu na habari zake zilikuwa za kusikia kwa watu. Mama yake aliolewa tena upande wa Kenya, ng'ambo ya Sirari. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa ameandika kwenye rejesta, mbele ya jina lake, neno moja: mzito.

Siku niliyofungua ukurasa wa pupa, binti huyo aliinuka, akapita juu ya miguu ya wenzake, akaja hadi mbele. Aliweka kidole karibu na picha bila kuigusa.

"Amekufa?" aliniuliza.

"Hajafa. Yuko ndani, anabadilika."

"Nani amemfunika?"

"Amejifunika mwenyewe."

"Anapumua?"

Sikuwa na hakika. Nilimwambia anapumua. Akarudi kwenye nafasi yake, na kuanzia siku hiyo mdomo wake haukufungwa. Maneno manne ya somo, yai, kiwavi, pupa, kipepeo, aliyashika kabla ya mtoto mwingine yeyote. Nikaanza kumsimamisha mbele. Mimi nilishika kitabu, yeye alieleza kwa Kikurya, na wenzake walielewa kwa dakika tano yale niliyohangaika nayo wiki nzima. Tulicheza pia. Watoto walitambaa kwa matumbo, wakajiviringisha kwenye kanga yangu mmoja baada ya mwingine, wakatoka wakipiga mikono. Zile zilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizowahi kufundisha, na siwezi kuzikumbuka kwa furaha.

Asubuhi moja binti alikuja na kopo la mafuta ya kujipaka, limetobolewa matundu kwenye kifuniko. Ndani kulikuwa na udongo kidogo, vipande vya jani la mhindi, na viwavi saba.

"Mwalimu, nimeleta viwavi."

"Umewatoa wapi?"

"Kwenye mahindi ya bibi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Ulikuwa mwaka ambao viwavijeshi walikuwa gumzo kila mahali. Redio iliwataja, mabwana shamba waliwataja, akina mama waliwataja wakiwa kwenye foleni ya maji. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa duka. Nilidhani viwavijeshi ni kundi jeusi linalotembea njiani kama siafu. Hawa walikuwa wadudu wadogo wa rangi ya kahawia na kijani, wenye alama kichwani. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa na shamba la mahindi nyuma tu ya shule. Ningetembea hatua thelathini na kumwonyesha kopo, angeniambia papo hapo. Sikwenda.

"Umefanya vizuri sana," nilimwambia mbele ya darasa zima. "Hawa tutawalea, na watakuwa vipepeo." Kisha, kwa kuwa watoto walinisikiliza na mimi nilijisikia vizuri, nikaongeza: "Kiwavi hauawi. Ukiua kiwavi, umeua kipepeo."

Niliwaambia hivyo watoto wa wakulima wa mahindi. Niliona ni maneno mazuri.

Kopo lilikaa dirishani. Kila asubuhi tulihesabu, kwa sababu nilitaka somo la namba liingie humo humo. Siku ya kwanza saba. Siku ya pili watano. Siku ya nne watatu.

"Wengine wamekwenda wapi?" aliuliza mtoto mmoja.

"Wametoroka," nilisema, na kifuniko kilikuwa kimebana.

"Hawakutoroka," alisema binti, si kwa ubishi, kwa kunisaidia tu. "Huyu mkubwa anawala. Nilimwona."

Kitabu hakikuwa na ukurasa wa namna hiyo. Niliwaambia tuimbe.

Akabaki mmoja. Huyo alijichimbia kwenye udongo, na binti alipoufukua kidogo kwa kijiti tukaona pupa mdogo wa kahawia, anang'aa, hafanani hata kidogo na kile kifuko cha kwenye picha. Tulimfunika. Tulisubiri karibu wiki mbili. Siku aliyotoka, tulimkuta amejibanza kwenye ukuta wa kopo, rangi ya majivu, mdogo, mabawa yamelala mgongoni kama koti la mvua. Alikuwa nondo. Nilijua kuwa ni nondo, hilo angalau nililijua.

"Huyu ni kipepeo?" waliniuliza.

"Ndiyo. Ni aina nyingine."

Binti aliinama juu ya kopo. "Si wa kitabuni," alisema. Lakini hakuonekana kuvunjika moyo kama wenzake. Yeye alikuwa amemwona tangu mwanzo hadi mwisho. Alibeba kopo hadi mlangoni, akalifungua, akalipiga chini kidogo, yule nondo akaruka kuelekea mashambani, nasi tukapiga makofi.

Wakati huo huo, nyumbani kwa bibi yake, kulikuwa na kazi ya asubuhi ambayo sikuwa na habari nayo. Kabla ya shule, kila mtoto wa boma lile aliingia shambani. Alifungua moyo wa kila mhindi, akatoa kiwavi na kumponda kwa vidole, kisha akatia majivu kidogo. Kila mmoja alikuwa na mistari yake. Mistari ya binti ilikuwa ile ya pembeni, kwenye migomba. Aliingia kila siku, akatoka na vidole vichafu na pindo za kanga yake zikiwa zimelowa umande, na hakuna aliyemkagua. Alikuwa haui. Wengine aliwabeba na kuwaweka kwenye magugu mpakani. Wengine aliwaacha pale pale na kuwafunika kwa jani.

Baba yake mkubwa alipopita kuangalia mahindi, mistari ile ilikuwa imetobolewa kama chandarua kibovu, na viwavi walikwisha kuhamia kwenye mistari ya jirani. Alimwita mtoto, akamuuliza. Mtoto hakuficha kitu.

"Mwalimu alisema kiwavi hauawi."

Alimchapa viganjani na miguuni. Kesho yake, saa nne asubuhi, alimleta shuleni.

Niliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza yake. Baba mkubwa alikuwa amesimama, kofia mkononi, na mezani kulikuwa na mhindi mzima uliong'olewa na mizizi yake, udongo ukidondoka juu ya makaratasi. Binti alisimama kando ya kabati la vitabu. Viganja vyake vilikuwa vimevimba, akavishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba kitu cha moto.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwalimu." Alikuwa mtu wa adabu. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuja anafoka. "Mimi sikusoma sana. Nimekuja nielezwe. Ni kweli siku hizi shule inafundisha watoto wasiue viwavi?"

Mwalimu mkuu alinigeukia. "Nani amefundisha hivyo?"

"Tulikuwa na somo la kipepeo," nilisema.

"Kwa kitabu gani?"

"Kile cha picha."

"Nani alikiruhusu kitoke?"

Daftari lilikuwa pale pale mezani, chini ya majani ya mhindi. Sahihi yake ilikuwa juu, yangu chini. Niliona kona ya daftari. Yeye pia aliiona, maana aliweka mkono juu yake. Tukatazamana, na katika kutazamana huko nilikumbuka kwamba barua ya kuniombea ajira ingeandikwa na mkono ule ule.

"Mtoto alinielewa vibaya," nilimwambia baba mkubwa. "Mimi nilisema viwavi wa kitabuni. Sikusema wa mahindi. Bado ni mdogo, na Kiswahili hajakijua vizuri."

Kiswahili alikuwa anakijua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alielewa kila neno nililolitamka, na aliinua macho akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama anayesubiri niendelee, kwamba labda kuna sentensi nyingine inakuja.

"Ulisema," alisema, kwa sauti ndogo.

"Nyamaza," baba yake mkubwa alimkatiza. "Unabishana na mwalimu?"

Nami nikanyamaza. Ningeweza kusema hata pale. Mlango ulikuwa bado wazi kwangu, mtu mzima mmoja na mwingine wakinisubiri. Nilitazama mizizi ya ule mhindi.

Kisha yule mzee aliniomba radhi. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo zaidi ya mengine yote. "Basi, mwalimu, utusamehe kwa kukusumbua," alisema. "Watoto wa siku hizi wanasikia wanachotaka." Akachukua mhindi wake, akafuta udongo mezani kwa kofia, akamsukuma mtoto mbele yake wakaondoka.

Mwalimu mkuu alifungua kabati. "Lete kile kitabu," alisema. Nilipokileta, alikagua kurasa moja moja, akakirudisha mahali pake, na kabla sijatoka akasema, "Umejibu vizuri."

Binti aliendelea kuja shule kwa majuma machache. Alikaa pale pale mlangoni. Nilimwita mbele, hakuja. Nilimuuliza maswali mepesi, aliangalia chini. Niliacha kumuuliza, nikajiambia namwachia nafasi, lakini ukweli ni kwamba sikupenda akinitazama. Halafu akaacha kuja.

Baada ya mavuno nilikwenda kwa bibi yake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, rundo dogo, masuke mengi yakiwa na mapengo kama meno ya mzee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

Tulizungumza kwa Kiswahili chake na Kikurya changu, vyote viwili vibovu, na tulielewana. Nilimuuliza mjukuu wake yuko wapi.

"Nimempeleka Kenyamonta, kwa shangazi yake. Analea mtoto kule. Hapa chakula hakitatosha." Alipukuchua suke moja hadi mwisho. "Alikuwa ananisimulia habari zako kila akirudi. Mwalimu amesema hivi, mwalimu amesema vile. Baadaye akaacha."

"Bibi," nilisema, "mtoto alisema kweli. Mimi ndiye niliyewaambia wasiue."

"Najua. Yule hajui kudanganya." Aliniangalia. "Kwa nini hukusema pale?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nani?"

Nilichukua suke moja kutoka kwenye rundo. Yeye hakusubiri jibu. Alisema tu kwamba mtoto hakuogopa, na akaendelea na kazi. Nilikaa nikamsaidia kupukuchua mpaka ikawa aibu kuendelea kukaa.

Mwaka uliofuata jina langu lilitoka. Barua ya mwalimu mkuu ilinisifu kwa busara na ushirikiano na wazazi. Nilipangiwa wilaya ya Serengeti, shule isiyo mbali na Kenyamonta. Ningependa kuandika kwamba niliomba kupelekwa huko kwa ajili yake, lakini nilipangiwa tu, na hata baada ya kuripoti nilikaa muhula mzima bila kuuliza nyumba ya shangazi iko wapi.

Nilipoifikia hatimaye, binti alikuwa uani, ana mtoto mgongoni na mwingine anamshika sketi. Alikuwa amerefuka. Alinitambua mara moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Shangazi yake alinikaribisha kiti, akanieleza bila kuulizwa sana. Walimwandikisha shule hapo jirani, darasa la kwanza. Akakaa wiki tatu. Akiulizwa hajibu. Mwalimu akamwita shangazi, akamwambia mtoto huyu ni mzito, labda umwache nyumbani kwanza mpaka akue. Wakamwacha nyumbani.

"Si mzito," nilisema.

"Wewe unamjua?"

"Nilimfundisha. Alikuwa anafundisha wenzake."

Shangazi alimtazama binti, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayejaribu kulinganisha habari mbili zisizofanana.

Niliomba nizungumze naye peke yake. Tulisimama kando ya zizi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno yalinitoka yote kwa mkupuo. Nilimwambia siku ile ofisini nilisema uongo. Nilimwambia yeye alisikia vizuri, alielewa vizuri, na kosa lilikuwa langu, na niliogopa kupoteza kazi.

Alimtikisa mtoto mgongoni ili asilie.

"Siku gani?" aliuliza.

"Siku baba yako mkubwa alipokuleta ofisini. Na mhindi."

"Sikumbuki, mwalimu."

Alikumbuka. Mtoto aliyeweza kuhesabu viwavi na kujua nani amemla nani hawezi kusahau siku hiyo. Lakini alikuwa na haki ya kunifungia mlango, na aliufunga kwa heshima, kama baba yake mkubwa alivyofanya mambo yake. Nilisimama pale na msamaha wangu ambao hakuna aliyeutaka.

Nilichoweza kufanya nilikifanya. Nilizungumza na shangazi mara tatu, na mwalimu mkuu wa shule yangu mara moja, safari hii nikisema yote yaliyotokea Nyamwaga, pamoja na sahihi mbili za kwenye daftari. Hakunifukuza. Alisema tu, "Ulikuwa mdogo," jambo ambalo si kweli, nilikuwa na miaka ishirini na sita. Binti aliandikishwa kwetu, darasa la kwanza, akawa mkubwa kuliko wenzake kwa kichwa kizima. Hayuko darasani kwangu. Mwalimu wake anasema anasoma, mwandiko wake ni mzuri, kazi za kuandika anapata zote. Kwa mdomo hasemi kitu. Akisimamishwa, anasimama mpaka aambiwe kaa.

Siku ambazo shangazi ana kazi shambani, binti haji shule, na hizo ni siku mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu. Nikipita kumuulizia, shangazi ananiambia kesho atakuja. Binti huwa anaosha vyombo pembeni, ananiamkia, ananiletea kiti, anarudi kwenye vyombo vyake. Nakaa kidogo, naongea na shangazi habari za mvua, halafu naaga.